Kitanzi cha Pili Baada ya cha Kwanza Kushindwa: Hesabu ya Kibaha na Kisarawe

Kitanzi cha kuzuia mimba kinaposhindwa, mkunga na mteja wake hukutana na swali lile lile: awekewe kingine, au abadilishe njia? Swali hilo huulizwa mapema mno. Linachukulia kwamba kushindwa ni jambo la namna moja, ilhali chini ya neno hilo wamo wanawake wa aina mbalimbali. Yupo ambaye kitanzi kilimtoka chenyewe wakati wa hedhi akakiona. Yupo ambaye kilimtoka asijue, akaja kushtuka mimba ina miezi mitatu. Mwingine kilishuka nusu kikakwama kwenye mlango wa kizazi, mwingine kilitoboa ukuta wa mji wa mimba kikaingia tumboni, na yupo pia aliyeandikwa kuwa kimempotea wakati kiko palepale kilipowekwa, nyuzi tu ndizo zimejikunja juu. Hawa wote wakipewa kitanzi cha pili siku moja, matokeo yao hayatafanana. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kwa walio wengi wa wanawake hao, wakiwemo wa Kibaha na Kisarawe, kurudishiwa kitanzi ni uamuzi salama. Madhara mengi yanayolaumiwa juu ya kurudia hutokana na mambo mawili: kuweka cha pili bila kujua cha kwanza kilikwenda wapi na kwa nini, na kumwacha mama bila kinga yoyote katikati ya hivyo viwili.

Wilaya hizi za mkoa wa Pwani zinapakana na Dar es Salaam, lakini hazina hali moja. Kibaha imejipanga kando ya barabara kuu ya Morogoro, na inayo Hospitali ya Tumbi, ambayo mizizi yake ni kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kuzaa Shirika la Elimu Kibaha mwaka 1970. Leo Tumbi ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisarawe makao makuu yake yako kwenye vilima vya Pugu, karibu na jiji, ila ukishaiacha lami na kuelekea Mzenga, Maneromango au Vikumburu, hospitali inakuwa safari. Tena mipaka ya utawala haifuati miguu ya watu: mkazi wa Kiluvya ni wa Kisarawe kwa karatasi, lakini akiugua ana sababu zote za kupanda gari kwenda Tumbi. Mkoa mzima ulikuwa na watu milioni 1.1 katika sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2. Ongezeko kama hilo halitokani na uzazi peke yake. Wamo waliohama kutoka Dar es Salaam na kwingineko, wakiwa na kitanzi kilichowekwa na mtu wasiyeweza kumrudia na kadi iliyobaki kwenye begi la zamani.

Kitanzi chenyewe hakina watumiaji wengi nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta kama mwanamke 1 tu kati ya 100 walioolewa anakitumia, na ule wa 2022 ulionyesha kuwa vijiti vya chini ya ngozi ndivyo vilivyoshika nafasi ya kwanza, vikitumiwa na asilimia 14. Uchache huo una maana kwa mada yetu. Sampuli ya taifa haiwezi kutenganisha wanawake walio kwenye kitanzi cha pili, kwa hiyo ushahidi mwingi wa kuamulia unatoka nje, na anayeutumia Pwani anapaswa kuupima kabla ya kuuamini.

Tuanze na kutoka kwa kitanzi, kwa kuwa ndiko kushindwa kunakoonekana zaidi. Kitanzi cha shaba kinachotumika zaidi duniani, T ya shaba 380A, kikikaa mahali pake kinazuia mimba vizuri mno: kati ya wanawake 100, chini ya mmoja hupata mimba katika mwaka wa kwanza, na kwa miaka 10 ni kama wawili. Tatizo lake ni kukaa. Kwa kawaida wanawake 2 hadi 10 kati ya 100 hukipoteza ndani ya mwaka wa kwanza, wengi wao katika miezi mitatu ya mwanzo na mara nyingi wakati wa hedhi. Aliyekwisha kukipoteza mara moja ana hatari kubwa zaidi. Kundi la watafiti wa Campinas, Brazil, katika miaka ya 1990 liliwafuatilia wanawake waliorudishiwa kitanzi cha shaba baada ya cha kwanza kutoka, likakuta kwamba karibu theluthi moja walikipoteza tena ndani ya mwaka. Takwimu hiyo ndiyo inayonukuliwa hadi leo, na kwa kawaida inanukuliwa kama onyo. Mimi naisoma kwa upande wa pili: theluthi mbili kilikaa. Mama aliyeambiwa kwamba mwili wake unakataa kitanzi ameambiwa jambo ambalo, kwa walio wengi, si kweli.

Hata theluthi hiyo ni wastani, na wastani huficha. Humo ndani wamo wanawake wenye uvimbe wa mji wa mimba uliopinda nafasi ya ndani, ambao hata kitanzi cha tatu kitawatoka. Wamo wenye hedhi nzito na maumivu makali. Wamo wasichana: utafiti mkubwa wa St. Louis nchini Marekani ulionyesha kuwa walio chini ya miaka 20 hupoteza kitanzi karibu mara mbili ya wakubwa wao. Na wamo ambao mji wao wa mimba hauna kasoro yoyote, ila aliyeweka hakukifikisha juu kabisa. Hawa wa mwisho wakipata mkono mzuri zaidi mara ya pili, sioni sababu ya kuwahesabu kama watu wa hatari. Shirika la Afya Duniani nalo, katika vigezo vyake vya nani anafaa kutumia njia gani, halikuweka kupoteza kitanzi kuwa kizuizi cha kuwekewa kingine. Kinachozuia ni vitu kama mji wa mimba uliopinda ndani kwa uvimbe, maambukizi yaliyopo sasa, au damu isiyojulikana inatoka wapi.

Wakati wa kuweka nao una uzito wake, na hapa Tanzania ina habari ya kusimulia. Kati ya 2014 na 2017, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liliendesha mpango wa kuweka kitanzi mara baada ya kujifungua katika nchi sita, Tanzania ikiwemo kupitia chama cha madaktari wa uzazi, AGOTA. Zaidi ya wanawake 36,000 waliwekewa. Kati ya walioonekana tena wiki ya sita, waliokuwa wamekipoteza walikuwa wachache, asilimia 2 na nusu hivi. Ni matokeo mazuri, ila yana tundu moja kubwa: walioonekana tena walikuwa kama nusu tu ya waliowekewa. Nusu nyingine hatujui. Na uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi unaonyesha kwamba kitanzi kilichowekwa ndani ya dakika 10 za kutoka kondo la nyuma hupotea kwa kiwango cha chini kuliko kilichowekwa baadaye katika siku na wiki za mwanzo, na kwamba aliyejifungua kwa upasuaji hukipoteza kwa nadra kuliko aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Hivyo mama wa Mlandizi, Kibaha, aliyewekewa kitanzi siku ya pili baada ya kujifungua, kikatoka kabla ya arobaini, hajatupa habari yoyote kuhusu kitanzi atakachowekewa miezi mitatu baadaye, mji wa mimba ukiwa umerudi ukubwa wake. Kilichoshindwa kwake kilikuwa wakati, na wakati umeshabadilika.

Kitanzi cha baada ya kujifungua kina mtego mwingine. Kwa kuwa kinawekwa mji wa mimba ukiwa mkubwa, nyuzi zake mara nyingi hazijashuka wiki ya sita. Katika mpango wa FIGO, kwa karibu asilimia 30 ya wanawake walioonekana tena, nyuzi hazikuonekana. Muuguzi asiyejua hilo atamwambia mama kimetoka, naye atakuwa amesema hivyo kwa nia njema kabisa. Kutoka hapo kuna njia mbili mbaya. Anaweza kumwekea kingine juu ya kile kilichopo, au anaweza kumpa njia nyingine na kumwacha na kifaa tumboni ambacho hakuna anayekikumbuka. Dawa yake ni kuangalia. Utrasaundi inaonyesha kama kitanzi kimo ndani ya mji wa mimba na kimekaa vipi. Isipokiona, eksirei ya tumbo inamaliza ubishi, kwa sababu plastiki ya T ya shaba imechanganywa na bariamu ili ionekane kwenye picha. Vifaa hivyo viko Tumbi na viko hospitali ya wilaya. Zahanatini havipo.

Pingamizi la kwanza linatokea hapo hapo, nalo ni zito: ukisema kila aliyepoteza kitanzi apigwe utrasaundi kwanza, umeshamfungia mlango mwanamke wa Vikumburu. Uzazi wa mpango ni huduma ya bure katika vituo vya serikali, lakini nauli si bure, na siku nzima ya shamba au ya genge haina atakayeirudisha. Nakubaliana na pingamizi hilo, na ndiyo maana sisemi kila mtu. Aliyekiona kitanzi chake kikiwa kimetoka kizima, akakileta mkononi au akakieleza vizuri, hahitaji picha ya kutafuta kilikokwenda. Aliyeona nyuzi zimerefuka, na mkunga akagusa plastiki kwenye mlango wa kizazi, hahitaji pia. Kitolewe, na ikihakikishwa hana mimba wala maambukizi, kingine kinaweza kuwekwa hapo hapo. Wanaohitaji safari ni wasiojua kilikwenda wapi, waliowahi kukipoteza zaidi ya mara moja, na wale ambao mkunga akiwapima anahisi uvimbe. Ukichuja hivyo, orodha ya rufaa inakuwa fupi. Na huyo anayepewa rufaa asiondoke mikono mitupu: apewe sindano au vidonge vya kumvusha, na kondomu juu yake.

Ninalisisitiza hilo la kuvusha kwa sababu ushahidi wake ni mkali kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha wanawake 182 ambao utrasaundi ilionyesha kitanzi kimekaa vibaya na wengine idadi hiyo hiyo ambao chao kilikaa sawa. Ndani ya miaka miwili, wale wa kwanza walipata mimba nyingi zaidi. Haraka mtu atasema kitanzi kilichokaa vibaya hakizuii mimba. Watafiti walipochunguza, wakakuta mimba hizo za ziada zilitokana na kutolewa kwa kitanzi bila kupewa njia nyingine ya uhakika. Yaani daktari aliona kasoro, akaiondoa, akaridhika, na mama akarudi nyumbani hana kitu. Kama hilo lilitokea kwenye hospitali zenye mashine na simu za kumfuatilia mgonjwa, sina shaka kwamba kati ya Maneromango na Kisarawe mjini linatokea. Kitanzi kilichoshuka kidogo lakini bado kimo ndani ya mji wa mimba, mama akiwa hana maumivu wala damu, mara nyingi kinaweza kuachwa. Kilichoingia kwenye mlango wa kizazi kitolewe.

Mimba iliyotunga kitanzi kikiwa ndani ni habari nyingine, na ndiyo inayozaa hadithi. Pwani nzima utasikia juu ya mtoto aliyezaliwa amekishika kitanzi mkononi, au kimemganda kichwani. Hilo haliwezekani kwa namna linavyosimuliwa, kwa kuwa kitanzi hubaki nje ya mfuko wa maji unaomzunguka mtoto. Kinachowezekana kina hatari ya kweli: mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo lazima ichunguzwe kwanza, na mimba iliyo ndani ambayo kitanzi kikiachwa huongeza sana uwezekano wa kuharibika au kuzaa kabla ya siku. Ndiyo maana nyuzi zikionekana mapema, ushauri ni kukitoa. Lakini je, mwanamke huyo afikiriwe kitanzi tena baadaye? Nasema ndiyo, kwa sharti la kujua kilikuwa wapi. Kama kilikuwa kimeshuka, hii ni ile ile habari ya kutoka, imechelewa tu kugunduliwa. Kama kilikuwa juu kabisa mahali pake, basi alikuwa mmoja wa wale wachache, chini ya mmoja kati ya mia, na hakuna sababu ya kibaiolojia inayomfanya awe yeye tena mara ya pili. Hata aliyepata mimba ya nje ya kizazi huko nyuma, vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinamruhusu kutumia kitanzi cha shaba bila masharti.

Kutoboa mji wa mimba ni nadra: uchunguzi wa Ulaya uliofuata wanawake zaidi ya 61,000 ulikuta kama mmoja katika kila 1,000 kwa kitanzi cha shaba. Ila uchunguzi huo huo ulionyesha hatari kupanda kama mara sita kwa anayenyonyesha, na kwetu mama hunyonyesha kwa muda mrefu. Aliyetobolewa anahitaji upasuaji wa kukitoa na muda wa kupona, na kitanzi cha pili kikiwekwa, kiwekwe hospitalini na mtu mzoefu, ikiwezekana chini ya utrasaundi. Hawa ni wachache, na kwa wengi wao ningeelewa kabisa wakisema basi.

Maambukizi nayo yana somo lake kwa wanaorudia. Uchambuzi wa takwimu za Shirika la Afya Duniani uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1992 ulionyesha kwamba hatari ya maambukizi ya nyonga hujikusanya katika siku 20 za mwanzo, ikiwa zaidi ya mara sita ya ile ya baadaye. Zikipita, inashuka na kubaki chini kwa miaka. Kila kitanzi kipya kinafungua upya siku hizo 20. Kwa hiyo anayebadilisha kitanzi kinachofanya kazi, eti kimetimiza miaka mitano, anampa mama hatari asiyoihitaji, kwa kuwa T ya shaba 380A inafanya kazi miaka 10 hadi 12. Hilo linahusu walioshindwa pia: nyuzi zisizoonekana zikifanya mtu atoe kitanzi kizima na kuweka kipya, hatari imezaliwa bila faida.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la vijiti. Mtu atauliza, kama theluthi moja watakipoteza tena, kwa nini tusiwape wote kijiti ambacho ni nadra kutoka chenyewe na kinashindwa kwa kama mmoja katika elfu? Kwa hesabu ya mimba peke yake, pingamizi linashinda, na kwa mwanamke aliyepoteza vitanzi viwili ningelifuata bila kusita. Lakini mwanamke aliyechagua kitanzi cha shaba mara nyingi alikichagua kwa kuwa hakina homoni. Pengine vijiti au sindano vilimvuruga hedhi. Wapo wanaotumia dawa zinazopunguza nguvu ya kijiti, rifampisini ya kifua kikuu ikiwa mfano ulio wazi, ilhali shaba haiguswi na dawa hiyo. Wapo waliowahi kuugua saratani ya matiti, ambao homoni hazishauriwi kwao. Kumhamishia mtu kijiti kwa sababu kitanzi kilitoka mara moja ni kumpa jibu la swali ambalo hakuuliza, na anayepewa njia asiyoitaka huiacha. Wa kulinganishwa na kitanzi cha pili ni ile njia ambayo mwanamke huyu angeitumia kweli. Kama ni sindano, tafiti za nchi nyingi zinaonyesha robo na zaidi ya wanaoianza huiacha kabla mwaka haujaisha, na hapo ile theluthi ya Campinas haitishi tena.

Pingamizi jingine, la mikono ya waweka vitanzi, lina ukweli ambao wizara hupenda kuupita haraka. Njia inayotumiwa na mmoja katika mia haimpi mkunga wa zahanati mazoezi. Mafunzo ya wiki mbili hufifia kama hakuna wateja, na timu za huduma ya mkoba, zinazokuja na wataalamu wazuri, huondoka jioni. Kitanzi kikishuka wiki ya tatu, aliyekiweka hayupo. Ushahidi uliopo unaonyesha mkunga aliyefunzwa na anayefanya mara kwa mara haachwi nyuma na daktari. Neno zito hapo ni mara kwa mara. Kwa hiyo kitanzi cha kwanza kinaweza kuwekwa popote penye mtu aliyefunzwa, lakini cha pili, baada ya cha kwanza kutoka, ningekipeleka kwenye vituo vichache vyenye wateja wa kutosha: Tumbi, Mlandizi, hospitali ya Kisarawe. Najua ninaposema hivyo ninarudisha nauli niliyoipunguza juu. Hapa sioni njia ya kukwepa.

Kuna pia wanaodai kwamba, kwa sababu ya tetesi, kurudia kitanzi kunavunja imani ya jamii. Historia ina lawama zake: kitanzi cha Dalkon Shield kiliumiza wanawake wengi Marekani kabla ya kuondolewa sokoni mwaka 1974, na uzi wake uliosukwa nyuzi nyingi ulipandisha vijidudu. Cha leo kina uzi mmoja laini. Serikali yetu yenyewe iliposimamisha matangazo ya uzazi wa mpango Septemba 2018, vijiwe na saluni vilibaki na uwanja wote. Lakini imani huvunjwa zaidi na mwanamke aliyeambiwa hakitoki, kikatoka. Akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba kinaweza kutoka, lini, ajikague vipi, na kwamba kikitoka arudi kabla ya kukutana na mumewe, kutoka kwake hakutakuwa kashfa.

Limebaki suala la kuhesabu. Mfumo wetu wa taarifa za afya, MTUHA, unahesabu vizuri wanaopewa njia. Ninachokitaka ni kidogo: anayewekewa kitanzi cha pili aandikwe cha kwanza kiliwekwa lini na baada ya nini, kilishindwa vipi, na cha pili kilikutwa wapi wiki ya sita. Wakunga watasema makaratasi yamewazidi, na ni kweli. Ila kwa uchache wa watumiaji, hiyo ni mistari michache kwa mwezi katika kituo kikubwa. Ikiandikwa miaka miwili kwa mtindo mmoja Tumbi na Kisarawe, pamoja na namba ya simu ya mama ili anayehamia Kiluvya au kurudi Gongo la Mboto asipotee, tutajua kama theluthi ya Campinas ni ya Pwani pia, au kama huku, ambako vitanzi vingine vinawekwa baada tu ya kujifungua, walioshindwa mara ya kwanza wana nafasi nzuri zaidi ya kufaulu mara ya pili.